Kamati ya wakazi na kaunti: fika kabla bajeti haijafungwa

Ukiona wakazi wa mtaa nchini Kenya wamechoma matairi mwezi wa Juni wakidai mtaro, jua wamechelewa kwa miezi kumi. Kufikia Juni pesa za kaunti zimeshagawanywa, na MCA (diwani, mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti) anayepanda juu ya gari kuwatuliza hana cha kuwapa ila ahadi. Mtaro ule ulipaswa kuandikwa Agosti ya mwaka uliopita, wakati mitaro imekauka na hakuna anayewaza mafuriko. Kazi kubwa ya kamati ya wakazi ni hiyo: kuikumbuka mvua wakati wa kiangazi, na kuikumbusha kaunti kwa maandishi.

Kaunti haifanyi hisani inapowasikiliza. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeuweka ushirikishwaji wa umma kati ya misingi ya utawala, na kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Shida ni kwamba haki hiyo haijitekelezi. Mtu mmoja mmoja akienda ofisini huambiwa arudi Jumatatu. Kamati yenye barua, vipimo na orodha ya sahihi ni vigumu kuirudisha hivyo.

Watu tisa wanatosha

Itisheni mkutano wa kwanza mahali ambapo hata mpangaji wa chumba kimoja hataona haya kuingia: uwanja wa shule au chini ya mwembe, si sebuleni kwa mwenye ploti. Tangazeni siku saba kabla, kwa karatasi kwenye vibanda vya maji na maduka, na kwa kikundi cha WhatsApp. Msitegemee WhatsApp peke yake, kwa maana wazee na mama mboga wengi hawamo humo.

Gawanyeni mtaa katika sehemu sita, kila sehemu ichague mtu wake palepale. Ongezeni watatu: kijana, mtu mwenye ulemavu, na mfanyabiashara mdogo. Hao tisa wachaguane mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Akidi iwe watano. Kamati ya watu 25 hupendeza siku ya kupiga picha, lakini mwezi wa tatu hamtafikisha akidi.

Angalieni sana idadi ya wapangaji. Kamati ya wenye ploti watupu hupigania lami na hati za ardhi, huku choo cha pamoja kikifurika nyuma ya nyumba bila kutajwa hata mara moja kwenye kumbukumbu. Angalau watano kati ya tisa wawe wapangaji. Na yeyote anayejulikana kwamba anautaka udiwani asipewe cheo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kamati ikishaonekana ni ya mgombea fulani, wapinzani wake wataususia kila mkutano mnaouitisha, hata wa kuzoa taka.

Je, mjisajili? Barua na malalamiko hayahitaji cheti, kwa kuwa raia yeyote anaweza kuyapeleka. Usajili unawafaa mnapotaka akaunti ya benki au kupokea msaada. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mkiwa na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho. Wanachama wasipungue kumi. Wengi hukwama hapa kwa sababu wamewaandika wale tisa tu wa kamati. Kikundi ni cha wakazi; kamati inakiongoza tu.

Shida ni ya nani?

Kabla ya kuandika barua yoyote, ulizeni swali hili, maana barua nyingi hupotea kwa kupelekwa mlango usio wake. Chifu na mzee wa mtaa wa Nyumba Kumi wako upande wa serikali ya kitaifa. Watawasaidia kwa usalama, vitambulisho na migogoro ya majirani, lakini hawana bajeti ya mtaro wenu. Upande wa kaunti kuna msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa, na MCA, ambaye ni mchaguliwa.

Kaunti ndiyo yenye barabara ndogo za mitaani, taa za barabarani, taka, masoko, zahanati na shule za chekechea. Barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na barabara kadhaa kubwa za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mtaro ulio kando ya barabara hizo humfuata mwenye barabara. Bomba la maji lililopasuka ni la kampuni ya maji. Madarasa ya shule ya msingi yaulizwe kwenye ofisi ya mbunge, kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, wala MCA asilaumiwe kwa hayo. Shida ikiwa na wenye wawili, kwa mfano mtaro wa kaunti unaomwaga kwenye kalvati la KURA, andikeni barua moja na muitume kote kuwili, kila ofisi ikiona kwamba mwenzake amepata nakala.

Pimeni wenyewe

“Mtaro wetu ni mbaya” ni lalamiko. Mhandisi hawezi kulipigia hesabu. Chukueni tepu ya mita 30, daftari na simu yenye kamera. Pimeni urefu wa mtaro kutoka unakoanzia hadi unakomwaga, upana na kina kila baada ya mita 20, na kipenyo cha kila kalvati. Wekeni rula kwenye picha ili ukubwa uonekane. Hesabuni nyumba zilizoingiwa na maji, na muandike tarehe. Asubuhi moja inatosha kwa watu wanne.

Kisha andikeni ukurasa mmoja, usizidi. Mstari unaobeba mzigo uwe na sura hii: “Tunaomba mtaro wa zege wenye urefu wa mita 180 kutoka lango la shule hadi kalvati la barabara kuu, badala ya mtaro wa udongo uliopo wenye upana wa sentimita 40, ambao umefurika mara tatu tangu Machi na kuingiza maji kwenye nyumba 62.” Msiweke gharama kama hamna fundi wa kuzikadiria. Bei ya kubahatisha humpa ofisa sababu ya kuitupa karatasi nzima.

Miradi isizidi mitatu, na ipangwe kwa kura ya mkutano wa wakazi. Kura hiyo iingie kwenye kumbukumbu: waliohudhuria 74, mtaro kura 51, taa 16, choo cha soko 7. Wakazi wakileta orodha ya mambo 20, kaunti huchagua lililo rahisi, na mara nyingi hilo rahisi ni taa moja ndefu ya mulika mwizi inayoonekana mbali wakati wa kampeni.

Kalenda ndiyo siri

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Lakini tarehe hizi, zilizo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ndizo za kubandika ukutani:

- 1 Septemba: serikali ya kaunti huwasilisha kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP. Mradi mnaotaka uanze Julai 2027 uwe ndani ya mpango utakaowasilishwa kufikia 1 Septemba 2026.
- 28 Februari: taarifa ya sera ya fedha. Hapa huamuliwa kila idara itapata kiasi gani. Bunge lina siku 14 tu kuijadili, kwa hiyo barua ya tarehe 10 Machi huenda ikakuta wameshamaliza.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufika bungeni. Hapa mnatafuta jina la mradi wenu na tarakimu iliyo mbele yake.
- 30 Juni: bajeti iwe imepitishwa.

Ukinilazimisha kuchagua tarehe moja, nitachagua ya kwanza. Aprili mnaweza kutetea mradi uliomo kwenye mpango. Kuuingiza usiokuwemo ni kupanda mlima. Basi mkutano wa kupiga kura uwe Juni, vipimo Julai, na barua iwe mezani kwa msimamizi wa wadi kufikia wiki ya kwanza ya Agosti, nakala kwa MCA na kwa idara inayohusika. Juu ya mipango hii ya mwaka kuna CIDP, mpango wa miaka mitano. Uliopo ni wa 2023 hadi 2027. Matayarisho ya ule utakaofuata yatakuja baada ya uchaguzi, na jambo kubwa kama soko jipya litafutiwe nafasi humo.

Siku ya kikao

Matangazo ya vikao vya kaunti hutoka magazetini na kwenye tovuti, mara nyingine siku chache tu kabla. Mpeni mjumbe mmoja kazi ya kuangalia kila Jumatatu.

Ukumbini mtapewa dakika mbili au tatu. Asimame msemaji mmoja, aseme ombi kwanza, vipimo, kisha idadi ya wakazi waliopiga kura. Historia ya mtaa na shukrani kwa gavana ziachwe kwa wengine, na kutakuwa na wengine wengi wa kuzitoa. Msiondoke kabla ya kukabidhi maandishi, kwa sababu maneno ya ukumbini huandikwa na karani wa kaunti kwa namna anayotaka yeye.

Nendeni na nakala mbili za kila barua. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyeipokea aandike jina lake. Mpokeaji akisema muhuri umefungiwa kabatini, ketini mngoje. Barua isiyo na muhuri, miezi sita baadaye, haikuwahi kuandikwa.

Someni pia karatasi ya mahudhurio kabla ya kutia sahihi. Kichwa chake kisomeke “waliohudhuria”. Kikisomeka “waliounga mkono” au kikiwa kitupu, andikeni kichwa wenyewe kwanza. Karatasi hiyo ndiyo kaunti huionyesha kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Baada ya bajeti

Mradi kuandikwa si mradi kujengwa. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha ikiisha, ombeni habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Tajeni hati mnazozitaka kwa majina: mkataba, ramani, na orodha ya vifaa na gharama ambayo wahandisi huiita BQ. Ofisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Ada ya kisheria ni ya kutoa nakala tu. Wakinyamaza au wakikataa, mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman.

BQ ikipatikana, tepu inarudi kazini. Kama imeandika kalvati la milimita 900 na lililoshushwa na lori ni la 600, pigeni picha kabla halijafukiwa, na mmwandikie mhandisi wa kaunti siku hiyohiyo. Msigombane na mwanakandarasi wala vibarua wake, kwa kuwa hamna mkataba naye. Aliye na mkataba ni kaunti. Likishafunikwa kwa udongo, neno lenu na lake huwa na uzito mmoja. Ulizeni pia kipindi cha dhima, yaani muda ambao mwanakandarasi huwajibika kwa kasoro za kazi yake, kinaisha lini, maana kabla hakijaisha, nyufa zinazotokana na kazi hiyo hurekebishwa kwa gharama yake.

Vinavyoua kamati

Cha kwanza ni pesa kwenye simu ya mtu mmoja. Hata zikiwa shilingi 50 za kila nyumba, zinapoingia kwenye laini ya mweka hazina maneno huanza. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, na hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, hata salio likiwa shilingi 340.

Cha pili ni posho. Kaunti ikiwalipa wajumbe nauli ya kikao, kiasi hicho kitangazwe mkutanoni. Mjumbe anayeificha nauli ya shilingi 500 ataaminiwaje na mradi wa milioni nne?

Cha tatu ni kimya. Wakazi hawasusi kwa sababu kaunti imekataa, wanasusa kwa sababu hawakuambiwa. Kila mwezi katibu abandike karatasi moja kwenye kibanda cha maji: tuliomba nini, tarehe gani, tumejibiwa nini. Jibu likiwa “bado”, liandikwe hivyo hivyo.

Halafu kuna kuhama. Katibu akiwa mpangaji, siku moja atapakia vitu kwenye mkokoteni, na faili la barua zenye mihuri litaondoka naye katikati ya sufuria. Faili liwe na nakala mbili tangu mwanzo, moja kwa katibu na moja kwa mjumbe wa sehemu nyingine ya mtaa, na picha za kila ukurasa zitumwe siku barua inapogongwa muhuri.