Kadi za mwita dansi: mambo ya kuzingatia kabla ya kufika ukumbini

Katika miji ya New England, Marekani, dansi ya kontra, ambayo wachezaji huicheza wawili wawili wakiwa wamejipanga katika mistari mirefu, huongozwa na mtu mmoja mwenye maikrofoni, anayetamka kila hatua kabla wachezaji hawajaifikia. Dansi zenyewe ni nyingi mno kukaa kichwani, hivyo mwita dansi hutembea na sanduku la kadi, na maandalizi ya jioni huanzia humo.

Anza na kadi moja moja. Dansi ya kawaida ni mapigo 64, sehemu nne za mapigo 16: A1, A2, B1 na B2. Kadi nzuri ina mistari minne tu. B2, kwa mfano, isomeke hivi: "duara kushoto robo tatu, piteni kwa jirani mpya." Juu andika jina la dansi, namna wachezaji wanavyosimama mwanzoni, na mtunzi. Mtunzi usimwache kamwe. Wengi wako hai, na kutajwa ukumbini ni haki yao. Maandishi yawe makubwa, kwa sababu amri inapaswa kutoka mapigo kama manne kabla ya hatua, na ukichelewa mstari mzima unagongana. Dansi isiyo ya kawaida iwekee alama inayoonekana kwa mbali. Money Musk, ambayo New England imezoeleka kuchezwa kwa mapigo 48, itakuvuruga wewe na bendi mkisahau.

Wapo wanaopanga sanduku kwa alfabeti. Mimi naona hilo halisaidii, maana ukumbini hakuna anayekuuliza jina. Utaulizwa na hali iliyopo: nusu ya waliokuja ni wageni, au wamebaki wachezaji wanane tu na bendi bado inataka kupiga. Tenga kwanza kwa ugumu, kisha kwa namna ya kusimama, ukiziweka peke yake zile za Becket, mpangilio ambao wenzi husimama upande mmoja wa mstari, uliopewa jina la kambi moja ya Massachusetts. Dansi za duara na za watu wachache zikae mbele kabisa, mkono uzifikie bila kutafuta.

Ukishachagua dansi 10 hadi 12 za jioni, zitandaze mezani uzione kwa pamoja. Zikifuatana mbili zinazoanza kwa hatua ileile, zitenganishe. Ya kwanza iwe nyepesi, na ya pili pia, kwani wageni huendelea kuingia. Nyuma ya kila kadi weka tarehe na ukumbi, usije ukawarudishia watu walewale jioni ileile.

Kadi za zamani huziita nafasi mbili za wachezaji "mabwana" na "mabibi". Kumbi nyingi sasa hutumia majina ya ndege wawili badala yake. Uliza mapema wanatumia yapi, kisha nakili kadi upya ukiwa nyumbani. Kugeuza maneno kichwani huku fidla zinakwenda ni kujitafutia makosa.

Bendi nayo ipewe orodha, ikionyesha wapi unataka rili na wapi jigi, aina mbili za midundo ya dansi, na sehemu ipi wachezaji watakanyaga kwa kishindo ili wachague wimbo wenye mkazo hapo.

Kompyuta kibao hubeba maelfu ya dansi na hutafuta upesi, lakini chaji huisha na jua huficha kioo. Ukiitumia, beba kadi za karatasi za jioni ile, na mkicheza nje zifunge kwa mpira, upepo usizipeperushe.