Kufunga Rafu Isiyoanguka: Mwongozo kwa Nyumba, Maduka na Karakana za Tanga

Mteja akiniita kumtengenezea rafu, swali lake la kwanza huwa ni mbao gani nitakayotumia. Mimi huanza kwa kugonga ukuta, kwa sababu katika mji huu wa Tanga nyumba mbili zinazopakana zinaweza kuwa na kuta zisizofanana hata kidogo, na rafu nzuri kuliko zote haiwezi kukaa kwenye ukuta usioishika.

Hatua ya kwanza: Ujue ukuta wako

Gonga kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali, kisha toboa tundu moja dogo mahali patakapofichwa na rafu, ukinge vumbi kwenye kiganja na kulitazama. Vumbi la kijivu lenye chembe za mchanga hata baada ya kupita plasta ni la tofali za saruji, na ukuta huo utabeba karibu rafu yoyote ya nyumbani. Vumbi jeupe na laini kama unga linatokana na chokaa au mawe ya matumbawe, ambayo utayakuta katika majengo ya zamani. Ukuta huo hubeba, lakini unataka fisha ndefu (kile kidude cha plastiki kinachoingizwa tunduni ili kuishika skrubu) na mkono wa taratibu. Vumbi likibadilika kuwa jekundu au la kahawia baada ya sentimita 2 au 3, huo mara nyingi ni ukuta wa miti na udongo uliopigwa plasta juu yake, nao usitundikwe rafu ya mzigo hata kama plasta yake inang'aa.

Hili nililijua kwa hasara. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilifunga rafu tatu katika duka moja la mtaa wa Ngamiani, na mwenye duka, mama mtu mzima, aliniambia, "Mwanangu, ukuta huu marehemu aliukandika kwa mikono yake, utazame vizuri." Niliona plasta nzuri nikaendelea na kazi. Siku ya tatu rafu ya juu ilishuka pamoja na chupa zote za mafuta ya kula, na fisha zilitoka zikiwa zimeng'ang'ania vipande vya plasta vyenye ukubwa wa kisahani. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu chini yake. Nililipa mafuta yale, nikamtengenezea rafu ya kusimama sakafuni, na tangu hapo sijatoboa ukuta bila kulitazama vumbi lake.

Wazee wetu wa pwani walilitatua jambo hili kwa zidaka, yaani vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya unene wa ukuta wa mawe. Ukiwa ndiyo kwanza unajenga, zungumza na fundi wako mwashi kuhusu vishubaka kabla ukuta haujapanda.

Hatua ya pili: Kadiria uzito, kisha nafasi kati ya breketi

Usikisie kwa macho. Rafu yenye urefu wa mita 1, ikipangwa safu tatu za chupa za mafuta za lita 1, hubeba chupa zipatazo 33, na hizo ni takribani kilo 30 kwa ngazi moja. Vitabu vilivyopangwa kwa kubanana hufika uzito huohuo au kuuzidi. Ndoo ya rangi ya lita 20 peke yake hupita kilo 25.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani hudhani kwamba nafasi kati ya breketi mbili (vile vyuma vya pembe vinavyoubeba ubao ukutani) ikiongezeka mara mbili, ubao nao utapinda mara mbili. Kwa mzigo uleule kwa kila futi, ubao hupinda mara 16. Kwa upande mwingine, ukiongeza unene wa ubao mara mbili, kupinda kunapungua hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo breketi moja ya ziada ni nafuu kuliko ubao mnene. Kwa ubao wa inchi 1, mimi huweka breketi kila sentimita 60 nyumbani, na kila sentimita 40 dukani.

Hatua ya tatu: Chagua mbao na vyuma vinavyohimili hewa ya bahari

Mtiki ni mbao ninayoipendelea kuliko zote, nasi tuna bahati kwamba shamba la mitiki la Longuza liko jirani, wilayani Muheza. Mbao hiyo ina mafuta yake ya asili, na mchwa huikwepa. Mninga nao ni bora, ila bei yake ni ya kabati la sebuleni. Paini inafaa kwa duka, mradi iwe imekauka na kupakwa dawa ya mchwa na vanishi pande zote, pamoja na ncha zilizokatwa, maana unyevu huingilia huko. MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ningeiacha kabisa kwa jikoni na stoo za hapa kwetu, kwa kuwa ikinyonya unyevu wa masika huvimba na hairudi tena. Usipake oili chafu ya injini kwenye rafu ya duka la chakula, hata ukiambiwa inafukuza mchwa, unga utanuka.

Skrubu ziwe za mabati au za chuma kisichoshika kutu. Ukichomelea fremu ya chuma, kwangua kutu yote na upake redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla ya rangi, hasa kwenye viungo vilivyochomelewa, ambako kutu huanzia.

Hatua ya nne: Kufunga

Chora mstari kwa pimamaji, wala usifuate mstari wa dari au sakafu, kwani mara nyingi navyo vimeinama. Usitoboe juu, chini wala ubavuni mwa swichi au soketi, kwa kuwa nyaya hupita humo. Tumia fisha ya milimita 8 kwa rafu za kawaida na ya milimita 10 kwa mzigo mzito, na uhakikishe kwamba skrubu inapita plasta na kuingia angalau sentimita 5 ndani ya tofali lenyewe. Kwenye matumbawe, zima kigongeo cha drili na utoboe kwa mzunguko pekee, la sivyo tundu litamomonyoka na kuwa pana kuliko fisha.

Baada ya kutoboa, puliza vumbi lote kwa pampu ya baiskeli. Fisha iliyokalia vumbi huzunguka pamoja na skrubu na haikazi kamwe. Breketi nayo huwekwa mkono wake mrefu ukutani na mfupi chini ya ubao, kwa sababu mzigo huivuta skrubu ya juu kama anayeng'oa msumari, na mkono mrefu wa ukutani ndio unaopunguza mvuto huo.

Rafu za kusimama, za stoo na karakana

Hizi ndizo ninazozishauri kwa ukuta wa udongo na kwa mzigo wowote mzito. Fremu ya chuma cha pembe cha inchi 1 na nusu inatosha karakana nyingi. Weka vizito ngazi ya chini, funga ngazi ya juu ukutani ili fremu isipinduke mtoto akiikwea, na miguu ya mbao uikalishe juu ya tofali au kipande cha zege, mbali na mchwa. Magunia yakae juu ya chaga, yakiachana na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite.

Hatua ya mwisho: Jaribu kabla ya kupanga bidhaa

Vuta uzi kutoka ncha moja ya rafu hadi nyingine, kisha ipakie ndoo za maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hivyo hesabu ni rahisi. Iache ikeshe na mzigo huo. Asubuhi tazama uzi uone kama ubao umepinda, na utazame kama breketi imeachana na ukuta hata kwa unene wa kadi. Ikiwa imeachana, ishushe siku hiyohiyo na utoboe upya sentimita 10 pembeni, kwa maana tundu lililokwisha kulegea halirudi kushika.