Kabla hujamwita fundi wa kuezeka, jiulize upepo unatoka wapi

Fundi anayekutajia bei kabla hajauliza kiwanja kiko wapi, mpe chai aende. Bati linaloweza kukaa Dodoma miaka mingi bila doa huanza kutoboka mapema likiezekwa Kigamboni au Nungwi, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Kigamboni, karibu na ufukwe. Fundi wetu alikuwa hodari kweli, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimenyooka kama rula, ila ufundi alijifunzia bara. Tukanunua misumari ya kawaida. Mwaka wa tatu kila kichwa cha msumari kilikuwa kimeota ndevu nyekundu, na maji yakapitia hapo hapo. Pwani, bajeti ya misumari na kofia za paa (bati za kufunika kileleni pande zinapokutana) isibanwe. Kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na ncha zilizokatwa, katikati ya bati huja baadaye. Mwenye uwezo aangalie bati la alumini.

Upepo ndio watu wengi hawauelewi. Makambako na Singida, ambako unavuma sana, paa haling'oki kwa kusukumwa tu. Upepo ukipita juu hulinyonya, na ukiingia chini ya upenu hulibinua. Kwa hiyo kingo na pembe ndizo huanza kung'oka. Huko papi (mbao za kupigilia bati) zikaribiane, na misumari iongezwe, ikipigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Kenchi nazo zifungwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa waya mnene au chuma bapa kilichozikwa ndani ya zege. Hili huwezi kulikumbuka siku ya kuezeka. Limwambie fundi ujenzi siku ya kumwaga lenta. Upenu mrefu hukinga ukuta na mvua, lakini pia huupa upepo pa kushikia, kwa hiyo chagua kulingana na mahali. Wa pwani nao wasijione salama: Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 2024.

Kwa mvua, tofauti ni kubwa. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma haifiki hata theluthi yake. Kagera paa liwe na mwinuko wa kutosha, bati zilaliane vizuri na mifereji iwe mipana. Muulize fundi ataanza kupiga bati upande gani. Jibu sahihi ni upande ambao upepo wa mvua unaelekea, kisha arudi kuufuata unakotoka, ili midomo ya bati, pale zinapolaliana, iupe upepo kisogo. Akishangaa swali, umeshapata jibu lako. Dodoma mvua ni chache, lakini jua hukausha mbao mbichi hadi zinapinda na misumari inalegea. Nunua mbao zilizotiwa dawa, zilizokwisha kukauka.

Muda nao una bei yake. Pwani na kaskazini masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kanda ya kati na nyanda za juu kusini msimu wa mvua ni mmoja, kama Novemba hadi Aprili. Ukisubiri hadi Februari, Dar nzima inamtafuta fundi yule yule. Juni hadi Septemba kuna nafasi ya kupatana.

Ukienda kuangalia kazi zake, usikubali paa la mwezi uliopita. Omba lililopitia masika mawili au matatu, uongee na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo. Kampuni ya ukandarasi iwe imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bati nunua mwenyewe, maana duka analokupeleka fundi mara nyingi lina cha juu chake. Kumbuka geji, yaani namba ya unene wa bati: 32 ni nyembamba kuliko 28. Wengi hudhani kinyume, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha.

Makubaliano yaandikwe: geji, aina ya msumari, idadi ya bati, na nani anapanda tena likivuja. Malipo yaende kwa awamu. Mimi sehemu ya mwisho huwa naibakiza mpaka mvua kubwa ya kwanza, naingia darini na tochi, fundi akinisubiri kwenye simu.