Kabla ya Kuchukua Sampuli ya Kwanza ya Kuku: Maandalizi ya Kuchunguza Kampailobakta na Usugu Wake

Mtu anayejiandaa kuchunguza kampailobakta (bakteria wa utumbo wa kuku anayewaharisha watu) kwenye kuku, awe mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa mifugo wa wilaya, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei za vitendanishi. Ningemwomba aanze kwa swali: usugu wa dawa nitakaoukuta kwa bakteria hawa umetokea wapi? Asilimia peke yake haitamjibu. Tuseme nusu ya bakteria aliowapata hawadhuriki tena na antibiotiki ya siprofloksasini. Huenda ni ukoo mmoja, yaani bakteria wa uzao mmoja, uliopata usugu zamani, ukahama banda hadi banda kwa viatu, matenga na maji. Huenda pia ni koo nyingi zisizohusiana, kila moja imepata usugu hapo hapo ilipo kwa sababu ya dawa wanayopewa kuku. Takwimu ni ile ile, lakini hali ya kwanza inadai usafi na udhibiti wa mabanda, na ya pili inadai dawa zidhibitiwe. Kuzitenganisha kunawezekana tu ikiwa ukoo na usugu vimesomwa kwenye koloni ile ile (kundi la bakteria lililoota kwenye pleti kutoka seli moja), na hilo hupangwa kabla, kwa sababu koloni iliyotupwa hairudi.

Fahamu kwanza unashughulika na nani. *Campylobacter jejuni* ana jenomu (jumla ya vinasaba vyake) ndogo, herufi za DNA zipatazo milioni 1.64 kwa aina ya NCTC 11168 iliyosomwa na kuchapishwa mwaka 2000. Hata hivyo koo zake ni nyingi mno, maana ana uwezo wa kuokota vipande vya DNA kutoka kwa wenzake na kuviingiza kwenye vinasaba vyake. Tangu 2001 koo hizo hutambuliwa kwa kusoma jeni saba za kazi za kila siku za seli, na kila mchanganyiko hupewa namba kwenye hazina ya PubMLST iliyoko Chuo Kikuu cha Oxford. Ukiweza kulipia kusoma jenomu nzima, namba hiyo unaipata humo humo, pamoja na jeni za usugu.

Usugu wenyewe una njia kadhaa, na mpango wako uzingatie tofauti hizo. Kwenye jeni ya gyrA, herufi ya 257 ikibadilika kutoka C kuwa T, asidi amino ya 86 huwa isolusini badala ya threonini. Hatua hiyo moja yatosha kuidhoofisha siprofloksasini na jamaa yake ya mifugo, enrofloksasini, kwa kiwango kikubwa. Usugu wa tetrasaiklini hubebwa na jeni ya tet(O), ambayo mara nyingi hukaa kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu) na kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ule wa erithromaisini huja taratibu zaidi, kwa mabadiliko kwenye jeni ya 23S ambayo bakteria huyu anayo nakala tatu. Hii ndiyo sababu erithromaisini na azithromaisini bado ni tegemeo hospitalini pale mgonjwa wa kampailobakta anapohitaji dawa.

Sasa historia ya dawa bandani, sehemu ambayo naiona ikifanywa kwa haraka kuliko zote. Uholanzi, usugu wa siprofloksasini na jamaa zake kwa kampailobakta wa kuku ulipanda kutoka sifuri mwaka 1982 hadi asilimia 14 mwaka 1989, na kwa wagonjwa kutoka sifuri hadi asilimia 11, katika miaka ambayo enrofloksasini iliingia kwenye ufugaji. Marekani iliondoa ruhusa ya enrofloksasini kwa kuku Septemba 2005. Mwaka huo huo yalichapishwa majaribio yaliyoonyesha kwamba bakteria mwenye badiliko la gyrA aweza kumshinda mwenzake asiye nalo ndani ya utumbo wa kuku hata pasipo dawa yoyote. Lakini badiliko hilo hilo likiwekwa kwenye ukoo mwingine, linakuwa mzigo. Soma matokeo hayo mara mbili, kwa sababu yanaeleza kwa nini kuuliza “mmetumia dawa gani kwa kundi hili?” hakutoshi. Uliza na kundi lililopita, na lililotangulia hilo. Omba kuona chupa na pakiti tupu, kwa sababu mfugaji hukumbuka rangi ya pakiti kuliko jina la dawa, na pakiti nyingine zinazouzwa kama vitamini zina antibiotiki ya oksitetrasaiklini ndani.

Australia inafundisha upande wa pili. Huko dawa za jamii ya siprofloksasini hazikuwahi kuruhusiwa kwa mifugo ya chakula, na bado mwaka 2020 watafiti waliripoti kampailobakta sugu kwa dawa hizo kwenye kuku wa nyama. Waliposoma jenomu, wengi wa *C. jejuni* sugu walikuwa wa koo chache tu. Bila kazi hiyo ya vinasaba, mtu angebaki kuwatuhumu wafugaji kwamba wanatumia dawa kwa siri. Weka basi kwenye dodoso lako maswali kuhusu ndege wa porini, panya, wafanyakazi wanaohudumia zaidi ya banda moja, na chanzo cha maji.

Kuhusu idadi ya sampuli, kuku ishirini wa banda moja hawalingani na mabanda ishirini. Wanakunywa maji mamoja na kudonoa kinyesi cha wenzao, kwa hiyo mara nyingi wanabeba ukoo mmoja au miwili. Fedha ikiwa kidogo, punguza kuku kwa kila banda na uongeze mabanda. Halafu fanya kinyume chake kwenye pleti: usichukue koloni moja tu kwa sampuli, chukua kadhaa, kwa maana kuku mmoja aweza kubeba zaidi ya ukoo mmoja na mmojawapo ndio ulio sugu. Na kama unachukua sokoni, Kisutu ya Dar es Salaam kwa mfano, kumbuka kwamba kuku wa mashamba tofauti wameshakaa tenga moja. Sampuli hizo zinafaa kabisa kwa swali la mlaji, lakini usizitumie kumhukumu mfugaji.

Bakteria huyu ana tabia inayowashinda wengi wanapoanza. Kwenye utumbo wa kuku ananawiri kwa nyuzi joto 42, lakini hewa ya kawaida na ukavu humuua. Swabu iwekwe kwenye midia ya kusafirishia, Cary-Blair ikiwezekana, ikae kwenye ubaridi bila kugandishwa, na ioteshwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kwenda shambani hakikisha vifuko vya kutengeneza gesi vimefika: anahitaji oksijeni takriban asilimia 5, kaboni dioksidi 10, na naitrojeni inayobaki. Mshumaa ndani ya chupa usiutegemee, kwani unapozimika oksijeni iliyobaki bado ni nyingi kwake. Midia ya kuchagulia, yaani inayozuia bakteria wengine wasiote, nayo ina antibiotiki ndani yake. Ile iitwayo mCCDA, kwa mfano, ina sefoperazoni. Kila midia ina wale inaowapendelea, kwa hiyo chagua moja na usiibadilishe katikati ya mradi, la sivyo tofauti utakayoiona kati ya mikoa miwili itakuwa ya midia. Jaribio la hipureti, kemikali ambayo *jejuni* huivunja, litakusaidia kumtenga na ndugu yake *C. coli*, ingawa wapo *jejuni* wachache wasiolijibu, na hao wahakikishwe kwa PCR, kipimo cha DNA.

Chagua pia mapema kiwango utakachosomea usugu, EUCAST cha Ulaya au CLSI cha Marekani, maana mipaka yao haifanani. Kwa EUCAST utahitaji agari ya Mueller-Hinton yenye damu ya farasi asilimia 5 na kirutubisho cha NAD. Pleti zikaushwe vizuri kabla ya kupaka bakteria, kwani pleti yenye majimaji humfanya atambae na duara la dawa kuzunguka diski halisomeki. Agiza bakteria wa rejea, ATCC 33560, pamoja na diski za dawa. Isipokuwepo, huwezi kumthibitishia mtu kwamba diski zako hazikuharibika na joto njiani.

Kila koloni iliyosafishwa iingie kwenye gliseroli na nyuzi hasi 80 mapema, kabla haijahamishwahamishwa kwenye pleti mara nyingi, na namba yake iwe ile ile kwenye friza, kwenye daftari la usugu na kwenye faili la jenomu. Gawa kila moja mara mbili, friza mbili tofauti, moja yenye jenereta.

Watu wako walinde. Mwaka 1981 daktari mmoja Mwingereza aliripoti kwamba aliugua baada ya kunywa maziwa aliyotia seli zipatazo 500 tu za kampailobakta huyu. Wachache wanaougua hupata baadaye ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu. Glavu, sabuni, na chakula kisiingie maabara wala kwenye gari la sampuli.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani. Tanzania, ukihusisha kinyesi cha binadamu utapita kwa kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; Kenya, leseni ya utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukipeleka bakteria nje kusomwa jenomu, andaa mkataba wa kuhamisha vimelea na vifungashio vya UN3373 (daraja la kusafirishia vitu vya kibiolojia), na mkataba useme wazi nani anabaki na haki ya vimelea na takwimu. Kisha andika, kwa jina la mtu na tarehe, nani atawarudishia wafugaji majibu. Karatasi iwe ya Kiswahili, ionyeshe banda lao lina ukoo gani, ni dawa ipi haitawafaa tena, na kama ukoo huo umeonekana pia kwenye mabanda mengine, bila kuyataja.