Vua propela kabla haijagoma
Wenzangu mnaoendesha boti za mashine Ggaba, Kasenyi na kule Kalangala, msingoje propela ipinde ndipo muivue. Ivueni kila baada ya mwezi au miwili, hata kama haina kasoro. Ziwa letu la Viktoria ni maji baridi, yasiyo na chumvi, basi wengi tunadhani kutu ni shida ya watu wa bahari. Inatupata, ila polepole: grisi inaoshwa, meno ya shafti, kile chuma kinachozungusha propela, yanashikana na kitovu cha propela, na siku umegonga jiwe unataka kubadilisha, haitoki. Yangu ilinila nusu siku kwa nyundo na moto wa gesi, na mpira wake wa ndani ukaungua.

Zima mashine, toa ufunguo, vua, kisha tazama shafti. Nailoni ya nyavu hujisokota pale kimyakimya mpaka ikakata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Maji yakiingia, oili ya gia hugeuka kama maziwa. Ukiiona hivyo, usitoke na boti. Futa grisi yote ya zamani, sugua meno, paka grisi ya boti isiyooshwa na maji. Nati ifungiwe pini mpya, maana iliyokwisha kunjwa hukatika.

Na anodi, kile kipande cha madini kinacholiwa na kutu ili mashine isiliwe: huku kwetu weka cha magnesiamu. Zinki ni ya maji ya chumvi. Kikibaki nusu, badilisha, na usikipake rangi kabisa.