Siku moja Lisbon kwa mtu wa pwani: namna ya kuipanga

Wageni wengi ninaowatembeza Lisbon hufika na orodha ndefu ya picha walizoona kwenye simu: tramu ya njano, mnara wa Belém, ngome ya juu ya kilima, kasri za Sintra, keki za krimu. Wakijaribu kuyamaliza yote kwa siku moja, saa nyingi zinaishia kwenye foleni na vituo vya basi. Mimi huwashauri wachague kitu kimoja, kisha siku nzima ijengwe kukizunguka. Kwa mtu wa Kilwa, Mombasa, Malindi au Unguja, kitu hicho kipo, nacho hakimo kwenye orodha nyingi: dhahabu ya Kilwa, iliyofika Ureno kama kodi na leo iko kwenye makumbusho. Mwongozo huu unaifuata.

Hatua ya 1: Chagua siku, kisha hakikisha milango iko wazi

Usije Jumatatu. Monasteri ya Jerónimos, Mnara wa Belém na Museu Nacional de Arte Antiga (makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, yenye dhahabu hiyo) kwa kawaida hufungwa siku hiyo. Majengo haya ya zamani pia hufungwa kwa ukarabati, mengine kwa miezi mingi, kwa hiyo fungua tovuti rasmi ya kila jengo kabla ya kununua tiketi ya ndege, na tena juma moja kabla ya safari. Ukikuta makumbusho imefungwa, au chumba chenye dhahabu hakionyeshwi, na tarehe zako zinabadilika, zibadilishe. Kwa safari hii inafaa.

Angalia na urefu wa mchana. Sisi tumezoea jua kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Lisbon, mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na Desemba huzama karibu saa kumi na moja na robo jioni. Ratiba ninayoitoa hapa ni ya Aprili hadi Septemba. Ukija majira ya baridi, iondoe hatua ya 6 tangu mwanzo.

Kama unapita tu uwanja wa ndege kati ya ndege mbili, kumbuka kwamba pasipoti ya Tanzania au Kenya inahitaji viza ya Schengen ili utoke nje. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yanatakiwa yafike angalau siku 15 kabla.

Hatua ya 2: Pata kadi ya usafiri na viatu vya kweli

Kituo cha metro kiko uwanjani penyewe. Kwenye mashine nunua kadi ya Navegante na uipakie tiketi ya saa 24, inayokubalika kwenye metro, mabasi na tramu za mjini. Saa hizo huanza kuhesabiwa unapoigusisha mara ya kwanza. Panda njia nyekundu, badilisha Alameda, kisha njia ya kijani hadi Rossio au Cais do Sodré.

Kuhusu viatu: njia za miguu za Lisbon zimepangwa kwa vijiwe vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo za miaka mingi, na mji wote ni vilima. Mvua ikinyesha panateleza vibaya. Ndala na viatu vya kisigino viache hotelini, hasa ukiwa na mama au bibi mnayetembea naye.

Hatua ya 3: Asubuhi, anzia Belém

Belém iko kilomita sita hivi magharibi ya katikati ya mji. Watu wengi hupanda tramu 15E, ambayo hujaa. Treni ya kuelekea Cascais kutoka Cais do Sodré hukufikisha kwa dakika chache tu, ila hakikisha ile unayopanda inasimama Belém. Fika kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Ujenzi wa Jerónimos ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, chini ya Mfalme Manuel I. Sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwenye kodi ya kama asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia ukiwa unajua hilo, nakshi za ukutani zinaanza kusema: kamba za merikebu, mimea ya bahari, tufe za kupimia nyota, vyote vimechongwa kwenye jiwe. Ukiwa na haraka, ingia kanisani tu, uache ua wa ndani wenye foleni ndefu. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, kushoto utaliona kaburi la Vasco da Gama. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Kulia ni kaburi la kumbukumbu la Luís de Camões, mshairi aliyeitungia safari ya da Gama ya kwenda India utenzi mrefu uliochapishwa mwaka 1572.

Simama hapo kwa muda. Da Gama ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498 akakuta mji hauna imani naye, akapita hadi Malindi, na huko akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Aliporudi mwaka 1502 alikuja na kundi la merikebu zenye mizinga. Aliingia bandari ya Kilwa na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu, la sivyo mji ungechomwa. Miaka mitatu baadaye, 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliiteka na kuipora Kilwa, kisha Mombasa.

Ukitoka, vuka kuelekea mtoni. Mbele ya mnara wa wavumbuzi, uliojengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, ardhi imetandazwa dira kubwa ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini, yenye ramani ya dunia katikati. Tafuta mwambao wetu ndani yake. Kutembea juu yake ni bure. Mnara wa Belém, uliokamilika mwaka 1519, ni mzuri zaidi ukiutazama kutoka nje. Ndani kuna ngazi nyembamba na vyumba vitupu, na foleni yake itakula muda wa makumbusho. Keki za krimu zinauzwa karibu na monasteri, kwenye duka lililopo tangu 1837. Foleni ya kununua na kuondoka huenda haraka. Nyunyizia mdalasini, nao nadhani huhitaji kuelezwa umetoka upande gani wa dunia.

Hatua ya 4: Mchana, dhahabu ya Kilwa

Hii ndiyo hatua ninayowaomba watu wasiiruke hata wakichoka. Panda tramu 15E kurudi upande wa mjini, shuka Cais Rocha, kisha panda ngazi za mawe hadi Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes.

Waulize wahudumu ilipo Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe. Urefu wake ni kama sentimita 73, wa dhahabu iliyopakwa rangi za kioo, na mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka. Kazi hii inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Zunguka taratibu usome maandishi ya kwenye kitako. Yanasema Mfalme Manuel I aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba ilikamilika mwaka 1506. Jina limeandikwa «Qilva». Dhahabu iliyochimbwa bara upande wa Zimbabwe, ikashuka Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara Waswahili, ipo mbele ya macho yako, na jina la mji wetu limechorwa juu yake. Nimewaona watu wazima wakishindwa kuondoka hapo.

Kwenye makumbusho hiyo hiyo tafuta viwambo vya kukunja vya Kijapani, vyenye michoro, vinavyoonyesha Wareno wakishuka Nagasaki. Angalia watu weusi walio miongoni mwa mabaharia.

Chakula cha mchana, tafuta mgahawa wa kawaida wenye «prato do dia», yaani chakula cha siku. Mkate, jibini na zeituni vikiletwa mezani bila kuagizwa, si zawadi: ukivigusa utalipia, usipovitaka waambie wavirudishe. Anayetaka halali asubiri hadi Martim Moniz, ambako mtaa wa Benformoso na jirani zake una migahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani.

Hatua ya 5: Alasiri, mji uliofufuka

Rudi Praça do Comércio. Uwanja huu mpana ulikuwa na kasri la mfalme pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya viungo. Tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi, mawimbi na moto viliuharibu. Nyaraka nyingi sana za Casa da Índia zilipotea siku hiyo, na pamoja nazo karatasi zilizohusu pwani yetu. Mitaa iliyonyooka mbele yako ilipangwa upya na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Kanisa la Carmo, kilimani, liliachwa bila paa hadi leo.

Tembea hadi Largo de São Domingos, karibu na Rossio. Ndani ya kanisa nguzo bado zina makovu ya moto wa mwaka 1959. Nje, Waafrika, hasa kutoka Guinea-Bissau, hukutana kupiga soga na kuuza karanga na vitu vya nyumbani. Si mahali pa kupiga picha za watu bila ruhusa. Salimia, nunua kitu, keti.

Hatua ya 6: Jioni, Alfama kwa miguu

Tramu 28 ni nzuri kuitazama, lakini mchana hujaa pomoni na wezi wa mifukoni huipenda. Kutoka katikati ya mji panda kwa miguu kupitia kanisa kuu la Sé, lililoanzwa baada ya mji kutekwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, hadi Santa Luzia na Portas do Sol, sehemu za juu za kuutazamia mji. Kisha jipoteze ukishuka vichochoro vya Alfama. Mji Mkongwe wa Unguja utakuwa umekufundisha namna ya kutembea humu: fuata mteremko, utafika majini.

Sintra ipe siku yake. Treni peke yake ni kama dakika 40 kila upande, na kasri zenyewe ni za kupanda milima.

Kama unarudi uwanjani usiku huohuo, uwe kituo cha metro muda wa saa tatu na nusu kabla ya ndege kuondoka. Ukaguzi wa pasipoti kwa wanaotoka nje ya Schengen huwa na foleni ndefu, hasa kiangazi.