Koili Inaleta Ladha ya Kuungua? Usikimbilie Kufunga Nyingine

Koili ya vepu (sigara ya kielektroniki) iliyoungua haiponi. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniletea vepu zao wanataka niioshe, niianike, irudi kama ilivyokuwa. Maji ya moto, spiriti, hata kuipuliza mpaka mashavu yaume, vyote nimeviona vikijaribiwa na ladha ikabaki ileile. Pamba iliyo ndani yake ikishaungua imeungua. Kazi iliyobaki ni kujua kilichoiunguza, maana ukifunga mpya bila kujua, nayo itafuata njia hiyohiyo, pengine kabla podi, yaani kikasha cha juisi inayovutwa, haijaisha.

Mimi si fundi wa kulipwa. Niliacha sigara nikahamia vepu, na kwa kuwa napenda kufungua vitu nione ndani, nimegeuka kuwa yule mtu wa kazini ambaye kila mwenye kifaa kilichogoma huja mezani kwake na kusema, "Hebu niangalizie hii." Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia. Ni kwa watu wazima ambao tayari wanatumia nikotini. Kama hutumii, hakuna sababu ya kuanza.

Tuanze na kinachotokea ndani. Koili ni waya au wavu mwembamba wa chuma uliozungushiwa pamba, vyote vikiwa ndani ya kopo dogo lenye matundu ubavuni. Juisi huingia kwa matundu hayo, pamba ikainyonya hadi kwenye waya, waya ikapata moto, juisi ikawa mvuke. Juisi nyingi ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 188, na gliserini, ambayo huchemka kwenye 290. Maadamu pamba imelowa, joto linatumika kuchemsha juisi, na waya haipandi sana kupita hapo. Juisi ikikatika, joto halina pa kwenda, linapanda ghafla na pamba inaanza kuwa mkaa. Ni kama utambi wa taa: mafuta yakiwepo yanaungua mafuta, yakiisha unaungua utambi wenyewe.

Kwa hiyo ladha ya kuungua ni kilio cha kiu. Karibu kila mara swali ni moja: kwa nini juisi haikufika kwa wakati?

Ukiipata ladha hiyo, usiendelee kuvuta ukitumaini itajisafisha. Gliserini iliyopashwa kupita kiasi hutoa akrolini, gesi inayokereketa koo na macho, na juisi iliyounguzwa hutoa pia formaldehaidi. Hivyo si vitu vya kuvumilia ili umalizie podi.

Kwanza hakikisha kwamba kweli ni kuungua. Koili mpya huwa na ladha hafifu ya pamba, kavu, inayofanana na karatasi, na huondoka baada ya mivuto michache. Juisi yenye nikotini kali huchoma koo kama pilipili, lakini ulimi hauhisi mkaa. Na kama vepu inabubujika na kukurushia matone mdomoni, una tatizo la kinyume: juisi imezidi. Kuungua kwenyewe hakufananishwi na kitu kingine. Ni ladha ya kitambaa kilichoguswa na pasi, kavu, inayong'ang'ania ulimini hata baada ya kunywa maji.

Kipimo changu ni hiki. Hakikisha podi ina juisi, iache imesimama kama dakika 10, kisha shusha nguvu hadi kiwango cha chini kabisa na uvute mvuto mfupi. Ladha ikiwa safi, pamba bado nzima. Ilikuwa haipati juisi ya kutosha kwa nguvu uliyoweka, na bado unaweza kuiokoa. Ladha ikiwa bado ya mkaa ilhali pamba imelowa, koili imekufa. Usibishane nayo.

Sasa kabla ya kuitupa, iangalie. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo yenye majibu yote. Zima kifaa (vingi vinazimwa kwa kubonyeza kitufe mara 5 haraka), toa podi, weka tishu mezani, chomoa koili kwa kuitikisa kushoto na kulia badala ya kuivuta kwa nguvu. Vaa glavu au nawa mikono mara moja baadaye, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi, na hakikisha mtoto au mnyama hafikii tishu hizo. Chungulia kwanza kwa juu ukielekeza tundu la katikati kwenye mwanga. Kisha chukua pini na uchomoe pamba kidogo kidogo kupitia matundu ya ubavuni, ukiipanga kwenye tishu kwa jinsi inavyotoka.

Ukikuta pamba ya nje ni nyeupe na imekauka, halafu karibu na waya kuna mstari mweusi wenye mpaka mkali, koili hiyo haikuloweshwa. Ilipigwa moto ikiwa kavu, labda mvuto wa kwanza kabisa. Ukikuta pamba imelowa vizuri na haina weusi mwingi, ila waya imevaa ganda jeusi gumu ambalo linapukutika ukilikwaruza kwa pini, mkosaji ni juisi yenye utamu. Rangi ya kahawia inayofifia taratibu kutoka kwenye waya hadi pembeni ni ya koili iliyozeeka au iliyokuwa ikiendeshwa kwa nguvu kubwa mno. Na upande mmoja ukiwa mweusi huku wa pili ni msafi, basi tundu moja lilikuwa halipati juisi: podi ilikuwa karibu tupu, kifaa kimelala ubavu, au kiputo cha hewa kilikaa pale.

Nimeshaletewa koili ambayo mwenyewe aliapa ni feki, na pamba yake ikatoka nyeupe pee, kavu, yenye alama nyeusi nyembamba kama uzi. Haikuwa feki. Ilikuwa haijanyweshwa.

Basi tulizungumzie hilo la kunywesha, kwa kuwa ndilo linaloua koili nyingi za wanaoanza. Koili mpya hutoka kwenye pakiti ikiwa kavu kabisa. Kabla ya kuifunga, dondosha matone mawili matatu ya juisi juu ya pamba inayoonekana kwenye kila tundu la ubavuni, ukisubiri kila tone lizame kabla ya kuongeza jingine. Utaona pamba inabadilika kutoka weupe wa chaki hadi rangi ya majimaji, inang'aa kidogo. Kupitia tundu la katikati, tone moja tu linatosha. Ukimimina mengi pale utaanza na kububujika. Funga koili mpaka igote, jaza podi, kisha isimamishe wima na uende ukafanye jambo lingine. Dakika 10 kwa juisi nyepesi. Kwa juisi nzito nasubiri 15 hadi 20. Watu wana haraka hapa, na haraka hiyo ndiyo wanayoilipia koili nyingine.

Kama kifaa chako kina kitufe, vuta mara tatu nne bila kubonyeza, ili mvuto uisaidie juisi kuingia. Kama kinawaka chenyewe unapovuta, kizime kwanza. Halafu anza na nguvu ya chini. Ubavuni mwa koili, au kwenye pakiti yake, pameandikwa kiwango, tuseme wati 12 hadi 16. Anza na 12, vuta mivuto mifupi, kisha panda wati moja moja. Ukifika mahali ladha ni nzuri, simama. Hakuna tuzo ya kufika 16.

Hesabu za wati zinawachanganya watu kuliko inavyopasa. Ukinzani wa koili hupimwa kwa omu. Koili za omu 1.0 hadi 1.2, za kuvuta kama sigara, kwa kawaida hutaka takriban wati 10 hadi 14. Za omu 0.4 zinaweza kutaka 25 au zaidi. Mtu akizoea koili ya omu 0.4, akabadilisha na kufunga ya 1.0 bila kushusha wati, anaiunguza kwa mvuto mmoja. Vifaa vingine husoma omu na kujirekebisha, vingine havifanyi hivyo. Mimi husoma namba ya koili kila ninapofunga mpya, hata kama nadhani naijua.

Vifaa rahisi visivyo na skrini vina mtego wao. Baadhi hupeleka volti za betri moja kwa moja kwenye koili. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na ikikaribia kuisha hushuka hadi kama 3.3. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa omu: kwenye koili ya omu 1.0, betri iliyojaa inatoa karibu wati 17.6 na inayokaribia kuisha inatoa karibu 10.9. Ndiyo sababu mtu anasema, "Jioni ilikuwa safi, nikaichaji, asubuhi inaungua." Hajalogwa. Ikiwa chako kiko hivyo, baada ya kuchaji vuta mivuto mifupi na uipe nafasi zaidi kwa muda. Kama kina taa inayobadilika rangi kuonyesha nguvu, soma karatasi iliyokuja nacho, kwa kuwa kila mtengenezaji ana rangi zake.

Kuna pia namna ya kuvuta. Kila mvuto unakausha pamba karibu na waya, na pamba inahitaji muda kunyonya tena. Anayevuta mfululizo bila kupumzika anaitangulia juisi. Hesabu polepole hadi 20 au 30 kati ya mvuto na mvuto. Ukijikuta huwezi kungoja hivyo, huenda nikotini kwenye juisi yako ni ndogo kuliko unayohitaji, na mwili unaifidia kwa kuvuta zaidi. Hilo halitatuliwi kwa kubadilisha koili. Zungumza na muuzaji anayejua kazi yake kuhusu kiwango, au na mhudumu wa afya kama lengo lako ni kuacha kabisa.

Juisi nayo uiangalie lebo. Koili za omu 1.0 na kuendelea huwa na matundu madogo, na juisi yenye gliserini asilimia 70 au 80 inapita humo kwa shida, hasa kwenye baridi inapozidi kuwa nzito. Kwa podi ya anayeanza, mchanganyiko wa nusu kwa nusu ndio usio na maswali. Juisi nzito iachie koili zenye omu ndogo na matundu makubwa.

Utamu ni suala la kuamua mwenyewe. Juisi nyingi za ladha ya keki, peremende na matunda matamu zina sukralosi, kitamu cha kutengenezwa ambacho hakigeuki mvuke vizuri. Kinabaki kwenye waya, kinaungua na kuwa lile ganda jeusi. Koili ambayo ingeenda wiki mbili kwa juisi isiyotiwa utamu inaweza isimalize siku nne tano. Mwenye kuipenda aendelee, ila asilalamikie koili. Njia rahisi ya kupima: vuta juisi isiyotiwa utamu kwenye koili mpya ya aina ileile. Ikidumu, umepata jibu.

Madogo madogo yaliyobaki: usiiache juisi ishuke chini ya robo ya podi, hasa zile za ml 2 ambazo matundu yake yanabaki hewani ukikilaza kifaa. Ukiona viputo vimekwama na juisi haishuki, gonga podi taratibu kwa kidole, au fungua kizibo cha kujazia na kukifunga tena ili hewa isawazike. Hakikisha raba ya koili imekaa sawa. Pia futa sehemu za chuma zinazogusana kati ya podi na betri kwa tishu kavu. Zikiwa chafu kifaa kinaweza kusoma omu vibaya.

Kama podi yako ni ya aina ambayo koili haitoki, kunyweshwa kwake ni kujaza na kusubiri tu, na ikiungua unabadilisha podi nzima. Usijaribu kuipasua ili utie pamba yako. Kopo likirudi vibaya linaweza kupiga shoti kwenye betri.

Na ikiwa umeyafanya yote haya, lakini koili mpya zinaendelea kuungua hata kifaa kikiwa mezani bila mtu kukivuta, gusa ubavu wake. Kikiwa cha moto, au taa inawaka yenyewe, kitufe kimenasa au kihisi cha mvuto kimeharibika na kinapiga moto chenyewe. Toa podi mara moja. Kama betri inatoka, itoe. Usikichaji tena na usikiweke mfukoni. Kipeleke panapopokelewa betri chakavu, si kwenye pipa la takataka.